Simba Mwenye Kucha

Likizo iliyopita, kabla ya kurudi chuoni kuendelea na shahada ya uzamili ya historia, nilifanya kazi kwenye duka la mjomba, Arusha. Tunatengeneza stika za magari. Wateja wetu wakubwa ni madereva wa watalii, na stika inayotoka sana ni nyayo za simba: nne au tano nyeusi, zinazopanda kwenye boneti ya Land Cruiser kuelekea kiooni. Mchoro tuliupakua mtandaoni. Mashine inakata vinaili, mimi nabandua mabaki, mteja analipa.

Babu alikuja kutoka Serengeti kutibiwa macho. Jicho moja lilikuwa bado na bandeji. Akalisogelea gari lililokuwa likisubiri, akapapasa stika kwa kidole.

"Huyu nani?"

"Simba, babu."

"Simba gani anatembea na kucha nje? Huyu mbwa, mjukuu wangu."

Alikuwa sahihi. Simba na chui huficha kucha wanapotembea, kwa hiyo kwa kawaida unyayo wao huonyesha vidole vinne na kisigino tu. Kucha huonekana kwenye nyayo za mbwa, fisi na duma. Tena kisigino cha simba kina matuta matatu upande wa nyuma; chetu kilikuwa mviringo kama andazi.

Babu ni Mwikoma. Watu wa magharibi mwa Serengeti wamelima na kuwinda kwa vizazi vingi. Mwaka 1896 gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyotaka wawindaji wawe na leseni. Mwaka 1951, chini ya Waingereza, Serengeti ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwindaji akawa jangili akiwa palepale alipozaliwa. Babu mwenyewe alifungwa miezi sita, enzi za ujana wake, kwa ajili ya nyumbu mmoja.

"Askari alinipata kwa kufuata nyayo zangu," aliniambia. "Tulifundishwa na mzee mmoja, mimi na yeye."

Ujuzi ni uleule. Mmoja ulimpa mshahara, mwingine ulimpeleka gerezani.

Sisi wanafunzi wa historia tunaijua Laetoli, ambako timu ya Mary Leakey iligundua nyayo za wanyama mwaka 1976, kisha mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili takribani miaka milioni 3.6 iliyopita. Pale hatubishi kwamba unyayo ni ushahidi, na kwamba anayeusoma ni msomi. Lakini katika majalada niliyopitia kwa ajili ya tasnifu yangu, watu kama babu wanatajwa kwa makosa mawili tu: mnyama waliyemuua na adhabu waliyopewa. Walichokijua hakikuandikwa.

Jioni ile babu alinielekeza, nikachora unyayo upya. Mjomba akaukata. Kesho yake dereva wa kwanza aliutazama, akatikisa kichwa.

"Hii siyo ya simba. Mbona haina kucha?"

Tukambandikia ile ya zamani. Babu alikuwa amekaa kibarazani, alisikia yote, akacheka mpaka akashika bandeji. Mimi sikucheka. Nilichukua simu, nikaketi karibu naye, nikaanza kumrekodi.