Kulaza mshono

Kulaza mshono ni kazi ya kupunguza na kubana unene unaojitokeza pale vipande vya kitambaa vinapounganishwa, ili nguo ikae vizuri mwilini, isikwaruze, na sindano ipite bila kuvunjika. Vifaa vyake ni mkasi, pasi, maji na kibao cha mti. Kwa jinzi huongezwa nyundo. Huhitajika zaidi kwenye kola, mkanda wa kiuno, pindo la suruali, na kwenye mifarishi ya viraka ambako mishono hukutana kila baada ya inchi chache.

Tuitazame kazi hii kwa mafundi wa Mkoa wa Pwani, Tanzania. Kibaha, makao makuu ya mkoa huo, iko kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, kando ya barabara ya Morogoro. Kisarawe, wilaya nyingine ya mkoa huo, iko eneo la vilima vya Pugu. Katika wilaya hizi mbili, kama kwingine nchini, fundi cherehani hupata riziki yake kwa vitenge, sare za shule na kurekebisha nguo za mtumba, na wengi bado wanatumia cherehani ya miguu na pasi ya mkaa. Ushonaji pia hufundishwa darasani, kama katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibaha, kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970.

Sare ndiyo kipimo kizuri cha kazi hii. Ada ya shule za umma ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, lakini sare bado hununuliwa na mzazi, na nguo hiyo huvaliwa na kufuliwa wiki nzima. Tazama sketi ya marinda. Kila rinda likikunjwa huwa tabaka tatu za kitambaa. Likiingizwa kwenye mkanda, huongezeka tabaka mbili za mkanda pamoja na kingo zake mbili zilizogeuzwa ndani: jumla tabaka saba, kabla hata ya kuhesabu mshono wa ubavuni au zipu. Mtoto hukaa darasani na uvimbe huo kiunoni mchana kutwa.

Dawa yake ya kwanza ni mkasi. Kingo za ndani hazikatwi zote kwa kipimo kimoja, maana zikiishia mahali pamoja huacha mstari unaoonekana kwa nje. Hupunguzwa kwa ngazi: ukingo ulio karibu na uso wa nguo huachwa mrefu, unaofuata hupunguzwa, wa ndani kabisa huwa mfupi kuliko yote. Kwenye shingo na kwapa, ukingo unaobanwa hupasuliwa vipasuo vidogo, na ukingo unaojikunja hutolewa vipembe ili usijirundike. Ncha ya kola hukatwa mshazari kabla ya kugeuzwa. Mkasi usikaribie uzi: kitambaa kinachochambuka kikibakizwa milimita 2 tu, kitaachia baada ya kufuliwa mara chache.

Baada ya mkasi huja pasi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mshono hupigwa pasi kwanza ukiwa umefungwa kama ulivyotoka kwenye cherehani, ndipo ufunguliwe katikati au ulazwe upande mmoja. Pasi hukandamizwa na kuinuliwa. Ikisuguliwa huku na huku huvuta kitambaa. Pasi ya mkaa haitoi mvuke, kwa hiyo fundi hulowesha kitambaa cha pamba, hukikamua na kukitandaza juu ya mshono. Kitambaa hicho huzuia pia majivu yasidondokee shati jeupe.

Pasi ikiondolewa, kibao huwekwa papo hapo na kukandamizwa hadi mshono upoe. Katika nyuzi za pamba, maji na joto hulegeza viungo vya hidrojeni vinavyoshikanisha molekuli za selulosi, na viungo hivyo hushikana upya nyuzi zinapokauka na kupoa. Mshono ukiachiwa ungali moto na unyevu, huinuka tena. Kibao huubana na kunyonya mvuke, kwa hiyo kiwe cha mti mgumu uliokauka, kilichopigwa msasa, bila vanishi wala mafuta. Mti mwekundu kama mninga ujaribiwe kwanza kwenye kipande cheupe, usije ukaacha rangi. Tetroni yenye poliesta hushika umbo kwa joto zaidi kuliko kwa maji, lakini poliesta huyeyuka kwenye sentigredi 250 hivi, na pasi ya mkaa haina kidhibiti. Lazima ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha mabaki.

Jinzi ina hesabu yake. Mshono uliokunjwa wa mguuni una tabaka nne. Pindo likikunjwa mara mbili, tabaka hufika 12. Mguu wa cherehani ukipanda hapo huinua pua, meno yanakosa kushika, na uzi huruka. Fundi hufunika uvimbe kwa kitambaa, huugonga kwa nyundo juu ya gogo, huweka sindano namba 16, na huingiza karatasi ngumu iliyokunjwa nyuma ya mguu ili ukae sawa. Hatua chache za kuvuka uvimbe huzungushwa kwa mkono.

Kwenye mfarishi wa mabaki ya vitenge, mishono ya mstari mmoja hulazwa kulia na ya mstari unaofuata kushoto, ili ikikutana ibebane bila kupandana. Penye makutano ya vipande vinne, hatua mbili tatu za uzi zilizo ndani ya ukingo hufumuliwa, kisha kingo zote nne hulazwa zikizunguka kama mapanga ya feni. Utepe wa pindoni huungwa kwa mshazari wa nyuzi 45 ili unene usambae.

Kupiga pasi nguo iliyokwisha kushonwa hakuponyi uvimbe uliofungiwa ndani ya mkanda au kola. Mteja anayepeleka sare kwa fundi apatane naye mapema kwamba kila mshono upigwe pasi kabla haujafunikwa na mwingine, na siku ya kuchukua nguo apitishe kidole gumba ndani ya kiuno kabla ya kulipa.