Jiografia ya kidato cha kwanza: tuanzie kwenye sayari au uwanjani kwetu?

Najua nimepotea, lakini mwaka wa tatu sio mchezo, na bumu nalo ndio hivyo tena, tuliache. Leo nataka niwasimulie ubishi wetu wa juzi pale vimbweta, maana umenifikisha nisikotegemea.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye somo la mitaala tumewekwa makundi ya watu watano, tupange mtaala wetu wenyewe wa Jiografia wa kidato cha kwanza na cha pili: mada zipi, zipangweje, vipindi vingapi, na kwa nini tumepanga hivyo. Hiyo "kwa nini" ndiyo yenye alama nyingi. Nikadhani ni kazi ya jioni moja tu. Wote tulisoma kwa muhtasari ule wa 2005, tunaukumbuka kwa kichwa. Kidato cha kwanza ni maana ya jiografia, mfumo wa jua, sura ya dunia, hali ya hewa, tabianchi, ramani. Kidato cha pili ni kilimo, maji, misitu, madini, utalii, viwanda na kadhalika.

Mimi nikasema mfumo wa jua tuupeleke mwishoni, tuanze na hali ya hewa na ramani ya eneo la shule. Mwenzetu mmoja akaruka juu: "Yaani unataka watoto wa shule za kata wasome upepo wa kijijini kwao, wakati wale wa shule za kulipia wanasoma sayari?" Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hoja yake ilinigusa kweli. Ya pili ni jambo lililonitokea BTP mwaka jana ambalo sijawahi kulisema hapa.

Nilipangiwa shule moja ya kata mkoa wa Pwani, karibu kabisa na bahari. Nikafundisha pepo za msimu kidato cha kwanza, nikatoa jaribio la Kiingereza kama inavyotakiwa. Kijana mmoja, baba yake mvuvi, aliandika jina lake na namba ya swali, basi. Nikampa sifuri. Siku mbili baadaye wakati wa mapumziko nikamkuta anawaeleza wenzake kwa nini baba yake haendi maji makubwa miezi ile. Akaeleza kusi inaanza lini, inatokea upande gani, bahari inabadilikaje, kaskazi inakuja lini na samaki gani wanapatikana. Lile lilikuwa swali langu lote, na ziada. Nikamuuliza, mbona hukuandika? Akasema, "Madam, ile si Jiografia, ile ni mambo ya nyumbani." Ile sifuri imebaki kwenye daftari la maendeleo mpaka leo, sikuibadilisha. Mwongozo wa usahihishaji haukuwa na nafasi ya kusi.

Basi nikaingia maktaba, kule East Africana, nikiwa natafuta hoja za kumshinda mwenzangu. Nilichokuta ni kwamba ubishi wetu una umri wa miaka mia moja hivi, na kwamba upande wangu ulianza na watu nisiowapenda.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo. Kati ya wajumbe alikuwepo James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Ripoti ikatoka 1925, na mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikatoa waraka wa sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika. Wimbo ulikuwa mmoja: elimu ya Mwafrika ilinganishwe na mazingira yake, asome kilimo, afya, mambo ya kijijini kwake. Ukisoma kwa haraka unapiga makofi. Mimi nilipiga, nikaanza hadi kunakili.

Halafu unauliza wazo limetoka wapi. Jones alikuwa amefundisha Hampton, chuo cha Wamarekani weusi, na mfano aliouthamini ni ule wa Hampton na Tuskegee: kazi za mikono, kilimo, ufundi. W.E.B. Du Bois alimpinga waziwazi, akiona elimu ya namna hiyo inamfundisha mtu mweusi kubaki alipo. Na huku Tanganyika shule ziligawanywa kwa rangi, za Wazungu kivyao, za Waasia kivyao, za Waafrika kivyao, mpaka sheria ya elimu ya 1961 ilipoufuta ubaguzi huo kuanzia Januari 1962. Sasa katika nchi ya namna hiyo, ukimwambia mtoto mmoja tu "wewe soma mazingira yako", unampangia na mahali pa kuishia.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona kwamba kinachofungua mlango wa ofisi ni cheti cha Cambridge, na mtihani wa Cambridge ulitungwa Uingereza na karatasi zikarudi hukohuko kusahihishwa. Kwa hiyo waliojaliwa kufika sekondari walitaka jiografia ileile ya mbali. Kumbe mwenzangu pale kimbwetani alikuwa anasema maneno ya babu zetu bila kujua. Nilimtumia ujumbe usiku ule kumwambia hivyo, akajibu "nilikuambia" na kicheko cha mistari miwili.

Mwaka 1967, mwezi mmoja hivi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea. Anachosema kinafanana na Phelps-Stokes ukikitazama kwa mbali: shule iwe na shamba, mwanafunzi asitengwe na jamii yake, kitabu kisidhaniwe ndio elimu yote. Tofauti ni nani anaambiwa. Hapa wanaambiwa wote, na wanaambiwa na mtu ambaye mwenyewe alipitia Tabora School na Makerere na Edinburgh, tena akisema kila ngazi ya elimu iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia nyingine kwa wachache. Baada ya hapo vyombo vikafuata haraka. Tanzania ikajitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, Baraza la Mitihani la Taifa likaundwa kwa sheria ya 1973, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala mwaka 1975.

Lakini tuseme ukweli jamani, wangapi kati yetu tunakumbuka kujitegemea kama Jiografia? Mimi nakumbuka kufyeka, kumwagilia bustani, na kubeba ndoo. Shamba la shule lilikuwepo na kipindi cha Jiografia kilikuwepo, ila havikuwahi kukutana. Hakuna siku tuliyopima mvua kwenye lile shamba. Tulikuwa tunachora kipima mvua ubaoni, tena kwa rula. Na kidato cha pili, tulipofika matumizi ya maji, tulikariri bonde la mto Tennessee: mamlaka yake ilianzishwa 1933 enzi za Rais Roosevelt, mafuriko, mmomonyoko, umeme. Niliandika kurasa tatu. Rufiji tuliiandika mistari michache, wakati sisi tuliunda RUBADA mwaka 1975 (ikavunjwa 2017), tuna Kidatu na Mtera kwenye Ruaha Mkuu, na sasa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Sisemi Tennessee itolewe. Ukiisoma pamoja na Rufiji unapata maswali mazuri sana, kwa mfano nani alihamishwa na shamba la nani lilizoea kupata tope la mafuriko. Ila unahitaji kuijua Rufiji kwanza.

Nikarudi kwenye kundi, sasa sina hamu ya kushinda. Nikawaambia habari ya ramani ya akina Erhardt. Huyu mmisionari alikaa Tanga mwaka 1854 akiwauliza watu wa misafara, Waswahili na wa bara, habari za njia za kwenda ndani. Kila njia aliyoambiwa, mwishowe ilifika kwenye maji makubwa. Yeye na Rebmann wakayaunganisha yote kuwa ziwa moja, refu kama konokono aliyevuliwa gamba, na ramani ikachapishwa Ulaya 1855 na 1856. Wakubwa wa jiografia wakabishana, Burton na Speke wakatumwa, na mwaka 1858 wakafika Ujiji kwa njia hizohizo za misafara. Maziwa yalikuwa matatu: Nyasa, Tanganyika, Victoria. Waliotoa habari walikuwa sahihi, kila mmoja kwa njia yake. Aliyekosea ni mchoraji, na ndiye mwenye jina kitabuni. Ukitaka kufundisha ramani kidato cha kwanza, kuna somo gani zuri kuliko hilo? Wape watoto njia tano za kwenda shule bila kuwaambia chochote, wachore, halafu linganisha.

Mwenzangu akanyamaza kidogo, akasema sawa, lakini upepo usiishie kijijini. Hapo ndipo tulipoelewana. Wiki ya kwanza hadi ya nne ni hali ya hewa: chupa ya maji iliyokatwa ya kupimia mvua, bendera ya upepo, daftari la kila siku, na majina ya Kiswahili yanaingia ubaoni pamoja na ya Kiingereza: kusi, kaskazi, masika, vuli. Wiki ya tano upepo uleule unafuatwa na majahazi mpaka Uarabuni na Bara Hindi, na hapo inabidi ueleze kwa nini unageuka, huwezi kukwepa jua wala mwinamo wa dunia. Sayari zikaingia wiki ya saba kupitia mlango huo. Ramani tukaipa wiki sita, wawili hawakutaka, wanasema ni nyingi na mtihani wa kidato cha pili hautatusubiri. Wana hoja. Hatujamaliza.

Upimaji ndio umetushinda kabisa. Nimependekeza mwanafunzi aruhusiwe kujibu maswali mawili ya kwanza kwa Kiswahili, kura zikawa mbili kwa tatu, nikashindwa. Wanasema mkufunzi atauliza hilo liko kwenye sera gani.

Tunakabidhi Ijumaa. Mliofundisha kidato cha kwanza BTP, hebu niambieni: nyie mlianzia wapi, na darasa lilikuwaje siku ya kwanza?