Damu ya Ziwani na Pwani Iliyoifundisha Dunia Biokemia

Mwaka 1949 kundi la watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Oxford lilifika Kenya kwa ajili ya kazi katika Mlima Kenya. Wenzake walipokuwa wakikusanya mimea na wadudu, Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu. Alizunguka pwani, nyanda za juu na kando ya Ziwa Victoria akitafuta jeni ya selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Damu ikikoseshwa oksijeni juu ya kioo cha darubini, chembe nyekundu za mwenye jeni hiyo hujipinda.

Kwa wakazi wa pwani na wa ziwani, watu zaidi ya 20 katika kila 100 walikuwa nayo. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja kwa 100. Inakuwaje jeni inayoua watoto ienee hivyo? Allison alishuku malaria, kwa kuwa ramani ya jeni hiyo na ya malaria zililandana mno.

Mwaka huohuo, huko Pasadena, California, swali jingine lilipata jibu. Tangu daktari James Herrick wa Chicago alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1910, madaktari walijua umbo la chembe lakini si chanzo chake. Mwanakemia Linus Pauling alihisi kasoro imo ndani zaidi, kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Yeye na wenzake, akiwemo Harvey Itano, waliipitishia umeme himoglobini ya wagonjwa na ya watu wazima wenye afya. Hazikusafiri kwa namna moja. Waliobeba jeni bila kuugua walikuwa na aina zote mbili. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu ulifuatiliwa hadi kwenye molekuli yenyewe, na hapo biokemia, elimu ya kemia ya viumbe hai, ikapata mahali pa kudumu kando ya kitanda cha mgonjwa.

Bado haikujulikana ni nini hasa kilichobadilika. Jibu lilitoka Cambridge. Vernon Ingram aliikata himoglobini vipande vidogo kwa kimeng'enya cha tripsini, akavitandaza kwenye karatasi, akavitenganisha kwa umeme na kwa vimiminika, kisha akavitia rangi. Madoa yote yalifanana isipokuwa moja. Mwaka 1957 alitangaza kwamba asidi amino moja tu ilikuwa imebadilishwa: mahali pa asidi ya glutamiki palikuwa na valini. Mnyororo unaohusika una asidi amino 146. Mabadiliko hayo madogo yanatosha kuzifanya molekuli zishikamane na kuwa nyuzi ndefu kila zinapoachia oksijeni. Chembe hupinda, mishipa midogo huziba, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa.

Allison naye alikuwa amerudi Afrika Mashariki mwaka 1953. Alipima watoto wa Kiganda: kati ya 43 wenye jeni, 12 walikuwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasio nayo, 113. Aliyerithi jeni kwa mzazi mmoja huishi bila kuugua na hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Tofauti ya asidi amino moja ilikuwa imeamua nani afe na nani apone katika vijiji vya ziwani kwa vizazi vingi, na inashangaza kwamba ushahidi huo ulipatikana kwa darubini na matone ya damu ya watoto.

Elimu hiyo imezaa tiba. Haidroksiyurea, dawa iliyotumika kwanza kwa saratani, huongeza himoglobini ya kijusi, ambayo huzuia nyuzi zile kujijenga. Ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi (Kenya), Mbale (Uganda), Kinshasa na Luanda. Matokeo yaliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2018 yalionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vikipungua. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni, lakini hiyo hudai upandikizaji, dawa kali na hospitali kubwa, na bei yake Marekani inazidi dola milioni 2. Mtoto wa Mbale anaweza kufikiwa na dawa ya kumeza leo, mradi kituo cha afya kilicho karibu naye kiwe nayo na kiweze kupima damu yake mara kwa mara.