Mabinti Wetu na Masomo ya Sekondari katika Nchi ya Lualaba

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuhesabu matofali ya kanisa na majina ya mapadri waliotangulia. Wengine watafanya kazi hiyo vizuri kutupita. Sisi tumependa kuandika juu ya jambo lisiloonekana sana katika picha za zamani: namna mabinti wa nchi hii, na zaidi mabinti wa vijiji, walivyoutafuta mlango wa masomo ya sekondari.

Asiseme mtu kwamba mwanamke hakuwa na kiti hapa kwetu. Walunda wanasimulia habari za Ruweji, ambaye baba yake alimwachia lukanu, bangili ya utawala, akiwapita kaka zake. Tena katika nyumba ya Mwant Yav kuna cheo cha Rukonkesh, ambacho ni cha mwanamke. Wazee wetu walijua kumheshimu. Shule zilipokuja, zilimpangia nafasi nyingine.

Mji wa Kolwezi ulizaliwa na shaba. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilianza karibu mwaka wa 1928 kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao, maana kutafuta watu wapya kila mara kulikula mali nyingi. Shule za kambi ziliwekwa mikononi mwa wamisionari. Wabenedikto walikuwa upande wa Elisabethville, na Wafransisko walipewa nchi ya Lulua mwaka wa 1922. Mtoto mwanaume alifundishwa ufundi uliofaa kazi ya kampuni. Binti alipelekwa kwa masista kujifunza kushona, kupika, kufua na kulea mtoto mchanga. Kampuni ilitaka mke mwema wa mfanyakazi, Misioni ilitaka mama mwema wa jamaa ya Kikristu, na binti mwenyewe hakuulizwa. Tunaandika hivyo bila kuwanyima masista hao shukrani yao, kwani bibi zetu wengi walijua kusoma barua kwa sababu yao. Lakini masomo hayo yalikuwa na dari, na dari ilikuwa chini.

Hata baada ya mwaka wa 1948, Serikali ya Wabelgiji ilipopanua masomo ya sekondari kwa Wakongo, njia ya mabinti ilibaki fupi: shule za kazi za nyumba, na kwa wachache shule za walimu wanawake. Ilikuwa mwaka wa 1961, Uhuru umekwisha kupita, ndipo Sophie Kanza alipomaliza sekondari yote huko Léopoldville, mwanamke wa kwanza katika Kongo nzima. Mwaka wa 1966 akawa waziri.

Kijijini mambo yalikuwa magumu zaidi. Shule ya kijiji mara nyingi ilikuwa na madarasa ya kwanza tu. Aliyetaka kuendelea ilimpasa kwenda kwenye misioni kubwa. Kijana mwanaume aliweza kutembea siku mbili na kulala kwa mjomba. Binti hakuachwa kwenda kama hakuna nyumba ya kumlaza na sista wa kumchunga. Ndiyo maana tunasema kwamba historia ya masomo ya mabinti wa Dilolo, Sandoa, Mutshatsha na Lubudi ni historia ya vitanda kuliko ya mbao za kuandikia. Ndugu zetu Wametodisti wa Kapanga walikutana na shida ileile.

Mwaka wa 1967 ukaja mtihani wa Serikali, karatasi moja kwa mabinti na vijana. Dayosisi yetu ikaundwa mwaka wa 1971, na Askofu Victor Keuppens akawa mchungaji wake wa kwanza. Mwaka wa 1974 Serikali ilizitwaa shule za Kanisa, halafu ikazirudisha kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, vita vikaingia Kolwezi. Nani angefikiri madaftari siku zile?

Jaribu kubwa lilikuja polepole, bila bunduki. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilifika karibu tani 30,000 mwaka wa 1994. Serikali nayo ikaacha kuwalipa walimu ipasavyo, na mzigo ukawaangukia wazazi. Hapo ndipo sisi wenyewe tulipokosa, na tuandike bila kujificha. Feza ilipotosha minervali ya mtoto mmoja, tulimchagua kaka. Dada tulimpa ndoo na jembe, au tulimwoza mapema ili mahari yasaidie nyumba. Hakuna kampuni wala Serikali iliyotulazimisha kuchagua hivyo. Mwaka wa 2003 wafanyakazi 10,655 walipoondoka Gécamines, jamaa nyingi zilikwenda kuchimba kwa mikono, na mabinti wetu wakaonekana mitoni wakiosha mawe.

Sheria zimefuata kwa kuchelewa. Kodi ya Jamaa ya mwaka wa 1987 ilimdai mke ruhusa ya mume wake kwa matendo ya sheria. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka wa 2016. Tangu mwaka wa 2009 sheria inakataza ndoa ya mtoto asiyetimiza miaka 18. Mwaka wa 2019 shule za msingi za Serikali, pamoja na zile za mapatano, zilianza kuwa bila malipo, na madarasa yakajaa mpaka watoto wakakaa chini. Sekondari haikuingizwa katika neema hiyo. Hivyo binti anafika darasa la sita pamoja na kaka yake, na hesabu ya zamani inaanza tena mezani kwa baba.

Kila mwanzo wa mwaka wa shule bado wanafika mjini mabinti kutoka njia ya Mutshatsha, godoro kichwani, wakiuliza nyumba ya shangazi.