Uchumi wa China: ulivyopaa, na kwa nini sasa unahema

Usiku mmoja mwaka 1978, wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, jimbo la Anhui, walikutana kwa siri wakatia dole gumba kwenye karatasi. Walikubaliana kugawana mashamba ya pamoja: kila familia ilime kipande chake, itoe fungu la serikali, kinachobaki iweke ndani. Wakati ule hiyo ilikuwa kesi ya jela. Ndiyo maana waliahidiana pia kwamba wakikamatwa, wenzao watawalelea watoto.

Hawakufungwa. Desemba mwaka huohuo, chama tawala chini ya Deng Xiaoping kiligeuza mwelekeo na kuanza mageuzi. Mwaka 1980 Shenzhen, jirani na Hong Kong, ikafanywa eneo maalumu la kiuchumi, wawekezaji wa nje wakaruhusiwa. Kama unasoma hii kwenye Tecno, Infinix au itel, basi mwenye simu hizo, kampuni ya Transsion, makao yake yako hukohuko Shenzhen.

China ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2001, na bidhaa zake zikatapakaa kila soko. Mwaka 2010 iliipita Japani na kuwa ya pili kwa uchumi duniani, nyuma ya Marekani. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, karibu watu milioni 800 wametoka kwenye umaskini uliokithiri ndani ya miaka 40 hivi. Si mchezo.

Sasa tatizo liko wapi? Kubwa ni nyumba.

Ardhi ya mijini China ni mali ya serikali. Serikali za mitaa huuza haki ya kuitumia, na kwa miaka mingi zilitegemea sana pesa hizo. Kampuni za ujenzi zilikopa zikanunua ardhi, kisha zikauza nyumba kabla hata hazijajengwa. Mteja anaanza kulipa mkopo wa benki huku nyumba yake bado ni shimo la msingi, na pesa yake inakwenda kununua kiwanja kingine. Bei ikipanda, kila mtu anacheka.

Agosti 2020 serikali iliweka masharti makali ya madeni kwa kampuni hizo. Mkopo ulipokauka, mchezo ukaisha. Evergrande, yenye madeni ya zaidi ya dola bilioni 300, ilishindwa kulipa mwaka 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Mwaka 2022 wanunuzi katika miji mingi waligoma kulipa mikopo ya nyumba zilizoachwa magofu. Unawalaumu vipi? Akiba ya familia nyingi za China iko kwenye nyumba, na bei ikishuka watu wanabana matumizi.

Vijana nao wamebanwa. Juni 2023, ukosefu wa ajira mijini kwa wenye miaka 16 hadi 24 ulifika asilimia 21.3. Serikali ikasimamisha kutoa takwimu hizo, na ziliporudi, wanafunzi walikuwa wameondolewa kwenye hesabu.

Halafu kuna watoto, au tuseme hakuna watoto. Sera ya mtoto mmoja ilifutwa rasmi 2016, na tangu 2021 wanandoa wanaruhusiwa hadi watatu, lakini wengi hawataki, gharama ni kubwa. Idadi ya watu ilianza kupungua 2022, na 2023 India ikashika namba moja.

Viwanda, hata hivyo, havijalala. Magari ya umeme, betri na paneli za sola vinatoka kwa wingi hadi Marekani na Umoja wa Ulaya walipandisha ushuru wa magari hayo mwaka 2024. Mwaka huo uchumi ulikua kwa asilimia 5, ila matumizi ya kaya za China yenyewe ni karibu asilimia 40 tu ya pato la taifa, chini sana ukilinganisha na nchi nyingine kubwa. Nje wakifunga mlango, mzigo huo inabidi anunue Mchina mwenyewe, yuleyule anayedunduliza kwa sababu nyumba yake haijaisha.