Mulbadaw, kijiji kilichoishtaki NAFCO

Hanang ilipovuma redioni Desemba 2023, habari ilikuwa ya msiba: maporomoko ya matope kutoka mlimani yalizoa nyumba za Katesh, Gendabi na Jorodom na kuua watu zaidi ya 80. Viongozi walimiminika, misaada ikafika. Magharibi mwa mlima huohuo, uwanda wa Basotu, kuna msiba wa zamani ambao haukuletewa hema wala blanketi. Hukumu iliyouhitimisha imekwisha kutimiza miaka 40.

Wabarabaig, tawi la Wadatoga ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Wamang'ati, wamechunga hapa tangu kabla ya Wajerumani kujenga boma Mbulu. Wakoloni walikuja wakaondoka, Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu vijijini, nayo ikapita. Kilichowang'oa hasa ni mkate.

Taifa lilitaka kujitosheleza kwa ngano. Kuanzia mwaka 1970 hivi, Kanada ikatoa fedha, wataalamu na mitambo. Shirika la umma la NAFCO likafungua shamba la Basotu. Yakafuata Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal na mengine, hata yakawa saba, yenye ekari zipatazo 100,000.

Mtafiti Charles Lane, aliyekaa na wafugaji hao miaka ya 1980 na kuandika kitabu cha Pastures Lost, anaeleza kilichopotea. Ng'ombe wa Kibarabaig huhamishwa kwa majira, kutoka malisho haya kwenda yale, na malisho bora kuliko yote ni muhajega, maeneo ya bondeni yenye rutuba. Huko ndiko trekta lilikoingia. Kwa mpima ardhi, ekari hizo zilikuwa kipande tu cha wilaya. Kwa mfugaji, bila muhajega mzunguko wote unakwama. Jembe lilipita hata juu ya bung'ed, makaburi ya wazee wa heshima, ambayo ukoo hujenga vichuguu vyake kwa miezi kadhaa ya matanga.

Mwaka 1981, Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 waliifungulia NAFCO kesi Arusha: imeingia kwenye ardhi yetu, imeharibu mazao na makazi. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza ushindi ule. Kijiji, ilisema, hakikuonyesha kwamba mamlaka ya wilaya ilikigawia ardhi. Na wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Mbarabaig adaiwe ushahidi wa uenyeji Hanang! Ndipo, mwaka 1987, serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya huko.

Jibu lilitoka Kambi ya Simba, wakati huo ikiwa wilaya ya Mbulu, leo Karatu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wameshinda kesi ya kurejeshewa shamba lililochukuliwa wakati wa Operesheni Vijiji, kisha Bunge likatunga sheria ya 1992 ya kuzima madai ya aina hiyo. Mwaka 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba.

Kufikia hapo Wakanada walikuwa wamekwisha kuondoka. Baadaye NAFCO ikafa, na mashamba yakagawanywa baina ya wawekezaji na vijiji. Ikaja pia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoweka cheti cha ardhi ya kijiji.

Leo Mulbadaw ni jina la kukariri kwa wanafunzi wa sheria. Ingefaa likaririwe pia na madiwani. Kijiji kile kiliangushwa na karatasi, na kila kijiji cha Mbulu au Hanang kisicho na mpaka uliopimwa na cheti cha ardhi kimesimama palepale Mulbadaw ilipokuwa mwaka 1981. Halmashauri zetu zipime malisho sasa, kabla hajaja mwekezaji mwingine na ramani yake mkononi.