Habari za Kupasuliwa Kichwa na Mgongo kwa Watoto wa Nachingwea na Ruangwa

Katika kitabu hiki cha Jubilei wenzetu wameandika habari za makanisa na shule, na za mapadre, mabruda na masista waliozikwa katika ardhi yetu. Sisi tumepewa habari za wagonjwa. Lakini hizo ni nyingi mno. Ukoma peke yake wataka kitabu kizima. Kwa hiyo tumechagua maradhi mawili yasiyotokea mara nyingi, ambayo wengi wetu tuliyaona vijijini tukayanyamazia, nayo ni maji kujaa kichwani mwa mtoto, na mgongo wazi. Twataka kueleza jinsi kisu cha mganga kilivyochelewa kuwafikia watoto hawa wa Nachingwea na Ruangwa, na jinsi ambavyo hata kilipofika sisi wenyewe tuliendelea kuwachelewesha.

Hapo kale mtoto wa namna hiyo alipozaliwa, habari zake hazikutoka nje ya ua. Wengine walisema mizimu imekasirika, wengine walisema mama amerogwa, na wengine walimsingizia mama mwenyewe kwamba amevunja miiko. Mtoto alifichwa ndani, akafunikwa nguo, hata akafa. Kisha watu wakanyamaza. Hatuwalaumu wazee wetu kwa kutokujua, maana hata huko Ulaya waganga walimdunga mtoto sindano wakatoa maji, na baada ya siku chache maji yakarudi vilevile. Wala tusidhani ya kuwa kufungua kichwa cha mtu ni kazi ya Wazungu peke yao. Wakisii wa nchi ya Kenya, na Wakuria jirani zao, walikuwa na waganga waliojua kukwangua mfupa wa kichwa cha mtu aliyepigwa rungu, ambaye maumivu yake hayakupoa, na wengi wa wagonjwa hao waliishi. Lakini ufundi ule ulikuwa wa mfupa. Watoto wenye maji hawakupata msaada kwake.

Yafaa tueleze maradhi yenyewe, kwani walimu wataulizwa. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji safi. Maji hayo hutengenezwa kila siku, kwa mtu mzima yapata nusu lita, yakapita katika njia nyembamba, yakauzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakanywewa na damu. Njia ikizibika, maji hayaachi kutengenezwa. Na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana bado, kichwa chavimba, utosi wajaa, na macho yaelekea chini kama jua lichwalo. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine huzaliwa wazima, kisha katika majuma ya kwanza hushikwa na homa kali ya vijidudu viingiavyo ubongoni. Homa hupoa, watu humshukuru Mungu, na baadaye kichwa huanza kukua.

Mgongo wazi ni jambo la mapema zaidi. Uti wa mtoto hujifunga tumboni kabla ya siku 28 kupita tangu mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Usipojifunga, mtoto huzaliwa na kidonda au uvimbe mgongoni, mara nyingi miguu haina nguvu, na mkojo haushikiki. Maradhi haya mawili ni ndugu, kwa sababu wengi wenye mgongo wazi sehemu ya nyuma ya ubongo wao hushuka shingoni, ikaziba njia ya maji. Hans Chiari, mwalimu wa waganga huko Prague, aliieleza hali hiyo tangu mwaka wa 1891.

Sasa turudi kwetu. Wazee wa Mnero wanapotaja upasuaji, humtaja kwanza Leader Stirling. Huyu alikuwa Mwingereza, mpasuaji, aliyekuja Tanganyika mwaka wa 1935 pamoja na misioni ya Kianglikana ya UMCA, akafanya kazi upande wa Masasi, hasa Lulindi, kwa muda wa miaka 14. Kisha akawa Mkatoliki, na mwaka wa 1949 akaja Mnero katika wilaya ya Nachingwea, kwenye misioni ya Wabenediktini, akakaa miaka 15. Nchi yetu wakati ule ilikuwa na kelele za matrekta ya mpango wa karanga, na watu wengi walidhani utajiri umefika. Karanga zilishindwa, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka wa 1962. Hospitali ya Mnero ikabaki. Bwana Stirling baadaye alikuwa raia wa Tanzania, akawa Waziri wa Afya tangu mwaka wa 1975 hata 1980. Alifariki mwaka wa 2003.

Mpasuaji wa misioni siku zile alipasua kila kilicholetwa mlangoni: ngiri, mabusha, mifupa iliyovunjika, mama walioshindwa kujifungua. Lakini kwa mtoto mwenye maji kichwani hakuwa na la kufanya, na si kwa sababu mkono wake ulikuwa dhaifu. Dunia nzima haikuwa na chombo. Na hapa tumeona jambo la ajabu kidogo katika hesabu ya miaka. Mwaka ule ule wa 1949, daktari alipofika Mnero, wapasuaji wawili wa Marekani, Frank Nulsen na Eugene Spitz, walimwekea mtoto mmoja mpira mwembamba wa kutoa maji kichwani na kuyaingiza katika mshipa wa damu, wenye kilango cha kuyaruhusu yaende upande mmoja tu yasirudi. Kilango hicho ndicho kiitwacho vali. Kazi yao ilikuwa mwanzo tu, kwani vali za kwanza ziliharibika upesi.

Aliyetengeneza iliyo imara hakuwa daktari. Alikuwa John Holter, fundi wa kiwanda cha vitasa, ambaye mwanawe Casey alizaliwa mwaka wa 1955 na mgongo wazi pamoja na maji kichwani. Baba huyu aliwatazama waganga wakimtoa mwanawe maji kwa sindano, akaenda nyumbani akafikiri kama fundi afikirivyo, na mwaka wa 1956 vali yake ya silikoni ilikuwa tayari. Sisi tulipoisoma habari hii tuliwafikiria mafundi wetu wa baiskeli na wa mashine za kusaga, ambao wengi wao ni baba za watoto. Siku hizi mpira hupitishwa chini ya ngozi, kutoka kichwani, nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hata tumboni, na maji hunywewa humo.

Baina ya Philadelphia na Nachingwea kulikuwa na miaka mingi. Jimbo letu liliundwa mwaka wa 1963 kwa jina la Nachingwea, chini ya Baba Askofu Arnold Cotey, Msalvatoriani, na mwaka wa 1986 likapata jina la Lindi, katika muda huo wote hakuna mama wa huku aliyeweza kuambiwa, "Nenda mahali fulani, kesho kutwa utapasuliwa mtoto." Wapasuaji wa ubongo katika Tanzania nzima walikuwa wachache wa kuhesabiwa kwa vidole. Hata Dar es Salaam yenyewe ilikuwa mbali, zaidi ya kilometa 500. Wazee wanakumbuka pantoni ya mto Rufiji, na miezi ya masika ambayo Kusini ilikatwa kabisa isiwe na njia. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilifunguliwa mwaka wa 2003. Wanaosema kwamba daraja si dawa hawakupata kulala Ndundu na mgonjwa mgongoni. Na njia ile haijawa ya kuaminika kabisa, maana mwezi wa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata huko Somanga, magari yakasimama.

Huko Muhimbili, kwa sheria ya mwaka wa 1996, iliundwa taasisi ya mifupa ambayo watu wote huiita MOI, na humo ndimo upasuaji wa ubongo na wa uti wa mgongo ulipopata makao. Watoto wetu wengi waliopona walipona huko.

Lakini hospitali za misioni nazo zina sehemu yao katika habari hii. Huko Haydom, hospitali ya Kilutheri katika nchi ya Wambulu, iliyoanza mwaka wa 1955, alifika mwaka wa 2006 mpasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Dilan Ellegala. Aliona kwamba akipasua yeye peke yake, siku atakapoondoka kazi itaondoka naye. Basi akamfundisha Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa daktari wa chuo kikuu bali tabibu msaidizi, hata akaweza kupasua kichwa mwenyewe. Naye Mayegga akamfundisha mwingine. Wako waliolipinga jambo hilo, wakisema kazi kubwa namna hii haipewi mtu asiye na shahada. Sisi si waamuzi wa waganga. Twasema hili tu, kwamba katekista naye hakupitia seminari, na bila yeye vigango vingi visingalisali Jumapili.

Nchini Uganda, katika mji wa Mbale, hospitali ya watoto ya CURE ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Daktari wake Benjamin Warf aliona shida ambayo wenye hospitali za Ulaya hawakuiona sana. Mpira huziba, au huingia vijidudu. Na ukiziba usiku, mtoto wa karibu na hospitali huokolewa, bali mtoto wa kijiji cha mbali hufa. Basi akatumia njia nyingine, ya kuingiza kamera nyembamba ndani ya vyumba vya ubongo, kutoboa tundu dogo ili maji yapate njia mpya, na kuunguza sehemu ya nyama itengenezayo maji. Mwaka wa 2017 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa huko Mbale kwa watoto 100, wengine wakiwa wamewekewa mpira, wengine wametobolewa tundu. Na baada ya mwaka mmoja akili za makundi mawili hayo hazikutofautiana. Habari hiyo yatuhusu sana, kwa kuwa sisi ndio wa mbali.

Kwa mgongo wazi kazi ya kisu ni kuufunga katika siku mbili tatu za kwanza, kabla vijidudu havijaingia. Hakirudishi nguvu za miguu zilizokwisha kupotea. Mkunga akiona kidonda hicho, asikipake kitu chochote, wala majani wala majivu; akifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi ya chumvi ya hospitali, amlaze mtoto kifudifudi, safari ianze siku ile ile.

Iko njia ya kuzuia. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka wa 1991 ulionyesha ya kuwa mama waliokwisha kuzaa mtoto wa hivyo, wakitumia vitamini iitwayo foliki asidi kabla ya mimba, hatari ilipungua kwa sehemu 72 katika 100. Tangu mwaka wa 2011 serikali ya Tanzania ina kanuni za kutia vitamini hiyo katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwanda vikubwa. Ni jambo jema. Lakini nani katika vigango vyetu anunua unga wa kiwanda? Twasaga mahindi na mtama kwa mashine ya kijijini, twatwanga muhogo. Kunde, mbaazi na kisamvu vina sehemu ya vitamini hiyo, ila havitoshi peke yake, na vidonge vya kliniki huja wakati uti umekwisha kufungwa au kukosa kufungwa. Katika mafundisho ya ndoa tungeweza kuwaambia wachumba waviombe mapema. Hatukufanya hivyo miaka yote.

Tumebakiwa na neno moja, nalo hatulisemi kwa furaha. Mwaka wa 2011, katika kigango kimoja cha upande wa Ruangwa, mama mmoja alituletea mwanawe wa kike mwenye miezi miwili, akatuuliza kama kichwa kile ni cha kawaida. Hatukuwa na utepe wa kupimia. Hatukujua kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni sentimeta 35 hivi, na kwamba katika miezi mitatu ya kwanza hakipasi kuzidi kukua sentimeta mbili hivi kwa mwezi. Tulimwambia asubiri ufuta uuzwe, apate nauli, nasi tukaanza novena. Tulisali kwa moyo wote. Ufuta uliuzwa, deni la duka likalipwa kwanza, na mtoto alifika Dar es Salaam akiwa na miezi sita. Wapasuaji walimwekea mpira, na kichwa kikaacha kukua. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kuiharibu mishipa ya macho, nayo haikupona.

Tangu hapo utepe wa fundi cherehani umo katika mfuko wetu pamoja na kitabu cha sala, na jirani zetu hutucheka kidogo tukipima vichwa baada ya ubatizo. Binti yule yuko hai. Amekariri litania zote kwa masikio, naye huimba sauti ya kwanza. Mpira ungali mwilini mwake, na kila Jumamosi mama yake amsukapo nywele, huupapasa kwa kidole nyuma ya sikio, kisha huendelea kusuka.